Kutoka Visima vya Elwak Hata Kisiwa cha Lamu

Watu wengi wanaokaa katika nchi kavu ya kaskazini-mashariki ya Kenya hudhani kwamba kwenda pwani kupumzika ni jambo la matajiri wa Nairobi na la wageni watokao Ulaya. Huona picha za mchanga mweupe na minazi, kisha hugeuza ukurasa wakasema, "Hayo si yetu." Mimi nami nilikuwa na fikira hiyo. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2025 nilisafiri kutoka Kutulo mpaka kisiwa cha Lamu pamoja na mjomba wangu, na mambo tuliyoyaona huko yamenifanya nishike kalamu. Tulikwenda kutafuta raha, tukaipata. Lakini tulirudi pia na somo ambalo hatukulitafuta, nalo lahusu maji.

Kutulo, kwa wale wasiopajua, ni mji mdogo ulio kando ya njia kuu itokayo Wajir kwenda Elwak na Mandera, pale nchi ya Wajir na nchi ya Mandera zinapokutana. Hapana mto wala ziwa. Wenyeji wengi ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na mazungumzo ya kila siku huanza na habari za mvua. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya mvua ya kutosha, na mizoga ya wanyama ililala kando ya njia. Mtu aliyeuona wakati huo hawezi tena kumwaga kikombe cha maji bila ya kukitazama kwanza. Hivyo ndivyo nilivyodhani, na msomaji ataona baadaye kama dhana yangu ilikuwa ya kweli.

Mjomba wangu, ambaye kwa lugha yetu namwita Abti, alikuwa mteka maji wa visima vya Elwak katika ujana wake. Wazee hulifasiri jina hilo la Elwak kuwa ni visima vya Mungu, na husimulia kwamba vilichimbwa zamani za kale na watu walioitwa Madanle. Wateka maji husimama ndani ya kisima mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo kwa wimbo, hata maji yakafika juu katika hori la kunyweshea. Kazi hiyo humpa mtu mabega mapana na maneno machache.

Siku moja, baada ya mvua kurudi na kundi lake dogo la mbuzi kuanza kuongezeka, Abti aliniambia, "Mwanangu, nimevuta maji miaka yote ya nguvu zangu. Sasa nataka kuona maji yasiyovutwa na mtu. Nipeleke nikaione bahari kabla macho yangu hayajazima." Nami nilikuwa na siku zangu za likizo. Sikuona sababu ya kumkatalia.

SAFARI YA KWENDA

Tuliondoka Kutulo alfajiri, tukapita Tarbaj hata Wajir, kisha Habaswein na Modogashe, mpaka tukafika Garissa, mji ulio mkubwa kuliko yote katika sehemu zetu. Hapo tulilala. Asubuhi yake tulivuka daraja la mto Tana tukaingia Madogo. Ni pahali hapo ambapo mafuriko yaliikata njia mwezi wa Novemba mwaka 2023, na tena mwezi wa Aprili mwaka 2024, hata abiria wakawa wanavushwa kwa mashua.

Abti aliutazama mto kwa muda mrefu. "Maji haya yaenda wapi?" aliniuliza.

"Yaenda baharini, Abti."

"Basi yapita katika nchi yetu kama msafiri asiyetoa salamu," akasema.

Kutoka Madogo njia hufuata mto kuelekea kusini, kupita Bura na Hola mpaka Garsen. Garsen ndiko njia ya kutoka Mombasa inakopinda kwenda Lamu. Tulilala hapo usiku wa pili, na kesho yake tukapita Witu mpaka Mokowe, ambapo nchi kavu hukoma. Kutoka Garsen mpaka pwani kuna lami, na safari ambayo zamani ilikuwa ya matope na kukwama sasa ni ya saa chache tu. Hata hivyo sitamficha msomaji jambo moja. Tangu mwaka 2014 yametokea mashambulizi mara kwa mara katika sehemu za njia hii, na mabasi yamekuwa yakisafiri pamoja na askari wa kuyalinda. Msafiri mwenye akili huuliza hali ya njia kwa askari na kwa wenye mabasi kabla ya kukata tikiti, wala hasafiri usiku.

Anayetoka Mombasa aweza kufika Lamu kwa basi katika siku moja. Anayetoka Nairobi, akiwa na fedha, hupanda ndege akashuka katika kisiwa cha Manda, kilicho ng'ambo ya Lamu, baada ya muda wa saa moja na zaidi kidogo. Sisi wa kaskazini-mashariki tutakaribishwa pia na njia nyingine. Mnamo tarehe 2 Machi mwaka 2012 ulizinduliwa mpango mkubwa wa bandari mpya ya Lamu na njia zake za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, na gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa tarehe 20 Mei mwaka 2021. Barabara ya kutoka Lamu kupitia Ijara mpaka Garissa imo katika mpango huo. Itakapokamilika yote, kisiwa hiki kitakuwa jirani yetu wa karibu, na watu wengi kuliko sasa watakijia. Nawaomba wasomaji walikumbuke neno hilo, maana nitalirudia.

KUFIKA KISIWANI

Huko Mokowe tulishuka ngazi za gati tukaingia katika mashua ya mashine, tukakaa pamoja na wanawake wenye vikapu vya mboga, wanafunzi na magunia ya unga. Abti alishika ubavu wa mashua kwa mikono miwili. Tulipofika katikati ya mkondo aliachia mkono mmoja, akachovya kidole katika maji, akaonja, kisha akatema.

"Mengi namna hii," alisema, "na ngamia hawezi kunywa hata tone!"

Watu waliokuwa ndani ya mashua walicheka, na mzee mmoja wa Lamu aliyevaa kofia ya kazi ya mkono akajibu, "Ndiyo mambo ya bahari, mzee mwenzangu. Yakupa samaki, yakunyima kinywaji."

Mji wa Lamu umejengwa ukingoni mwa maji, nyumba zake ndefu za mawe ya matumbawe zimebanana, na vichochoro vyake ni vyembamba hata motokaa haiwezi kupita. Mizigo hubebwa na punda au kwa mabega ya watu. Punda ni wengi mno, nao wana hospitali yao iliyoanzishwa na chama cha Uingereza katika miaka ya 1980. Abti aliwatazama punda waliobeba mawe na mchanga akasema kwamba punda wa Kutulo hubeba mapipa ya maji, wa Lamu hubeba nyumba.

Watu wamekaa katika mji huu bila ya kuuhama kwa zaidi ya miaka 700, na kwa sababu hiyo mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Ngome kubwa iliyo karibu na soko ilijengwa baina ya mwaka 1813 na mwaka 1821, baada ya Waamu kuwashinda Wapate na Wamazrui katika vita vya Shela na kutaka ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Baadaye ikawa gereza mpaka mwaka 1984, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Msikiti wa Riyadha, ambao asili yake ni kazi ya mwanachuoni aitwaye Habib Swaleh, huwakusanya watu wa nchi nyingi wakati wa Maulidi, na katika wageni hao hawakosi watu wa kwetu.

Lakini uzuri wa Lamu hauko katika majengo pekee. Uko katika mwendo wa maisha. Hapana honi ya gari. Asubuhi mtu hununua mahamri na kahawa chungu, adhuhuri hula samaki na wali wa nazi, jioni hununua mkate wa mofa ungali moto, kisha hukaa barazani akazungumza. Salamu hazikatwi. Ukipita mbele ya watu bila ya kuamkia utajulikana kuwa mgeni hata kama umevaa kikoi. Lugha yao nayo ina ladha yake: maji huyaita mai, na njia huiita ndia. Abti, ambaye Kiswahili chake ni cha soko la Wajir, alikaa barazani siku ya kwanza akisikiliza, na siku ya pili alikuwa amekwisha kupata rafiki, yule mzee wa mashua.

KOSA LANGU

Sasa nitaeleza jambo ambalo si la kunisifu. Tulipanga katika nyumba ya mama mmoja mtu mzima, ambaye watu wote wa mtaa humwita Bibi. Nyumba ilikuwa ya zamani, yenye zidaka ukutani, na katika chumba cha kuogea lilikuwamo birika la kujengwa kwa mawe na chokaa. Ndani yake waliogelea samaki wadogo. Nilidhani ni mchezo wa watoto, nikaambiwa kwamba samaki hao hula vijidudu vya mbu, na kwamba hiyo ni hekima ya zamani katika nyumba za Lamu.

Kwa jinsi nilivyochoka na vumbi la siku tatu, niliingia nikaoga kwa raha. Nilijimwagia kata baada ya kata, nikafua na nguo zangu, nikamwaga tena. Nilikuwa mgeni, nimelipa, na bahari ilikuwa nje ya dirisha. Nilipotoka, Bibi alitazama ndani ya birika, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, si neno. Lakini maji hayo yalikuwa ya nyumba nzima mpaka kesho kutwa. Ya bomba huja kwa zamu, na jana zamu yetu haikufika. Sasa itatupasa kununua ya madumu."

Abti alikuwa amekaa kizingitini. Hakunikemea. Aliondoka tu, akaenda mwenyewe kumtafuta mtu wa punda, akalipa kwa fedha ya mbuzi zake, na madumu yakaletwa. Jioni aliniambia, "Kumbe shida haikukufundisha kitu. Ilikuzuia tu, na ilipokuachilia ukawa kama wengine." Neno hilo liliniuma kuliko kemeo.

Kutoka siku hiyo safari yetu iligeuka. Abti hakutaka tena kujua habari za ngome wala za masultani. Alitaka kujua kitu kimoja: maji matamu ya kisiwa hiki yatoka wapi, ikiwa pande zote ni chumvi?

MAJI CHINI YA MCHANGA

Rafiki yake wa mashua alituchukua kesho yake kwa miguu mpaka Shela, kijiji kilicho mwendo wa dakika arobaini na tano hivi kutoka mjini kwa kufuata ukingo wa maji. Nyuma ya kijiji vimeinuka vilima vya mchanga, navyo hufuata ufuo mrefu wa kilomita 12 hivi unaotazama bahari kuu. Wageni hupanda vilima hivyo kupiga picha jua linapotua. Wachache ndio wajuao kwamba wamesimama juu ya kisima cha mji.

Mambo yenyewe ni hivi. Mvua ya Lamu hufika kama milimita 900 kwa mwaka, karibu mara tatu ya ile ya Wajir. Inaponyesha juu ya vilima vile haipati nafasi ya kutiririka kwenda baharini, kwa sababu mchanga huinywa mara moja. Maji hushuka polepole mpaka yakutane na maji ya chumvi yaliyopenya chini kutoka baharini. Hapo hayachanganyiki upesi, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi, na maji ya mvua hukaa juu yake. Rafiki yetu alieleza kwa mfano wa samli iliyomiminwa juu ya maji ya moto, na Abti akaelewa papo hapo.

"Basi akichota mtu samli nyingi mno?" aliuliza.

"Atachota na maji yaliyo chini," akajibiwa.

Jibu hilo ni sahihi kuliko linavyosikika. Wataalamu wa maji wana kanuni yao: katika kisiwa cha mchanga, kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo futi kama 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba ukiyashusha maji ya kisima kwa futi moja tu kwa kuvuta kupita kiasi, chumvi iliyo chini yaweza kupanda futi 40. Kisima kilichoingia chumvi hakiponi kwa mvua moja, bali huweza kuhitaji miaka mingi ya kupumzishwa.

Maji ya mji wa Lamu huvutwa kwa pampu kutoka visima vilivyochimbwa katika vilima hivyo. Kwa ajili hiyo serikali imevitangaza kuwa eneo la kuhifadhi maji ya chini ya ardhi. Lakini tangazo ni karatasi, na mchanga una thamani. Tangu miaka ya 1970 wageni wa Ulaya na matajiri wengine wamenunua na kujenga nyumba nyingi katika Shela, na magomvi ya hatimiliki yamefika mpaka juu ya vilima. Kila nyumba inayojengwa hapo huleta madhara mawili. Kwanza, huzuia mvua isiingie mchangani. Pili, huchimba shimo la choo juu ya maji ambayo watu wa mji watakunywa. Na nyumba yenye bwawa la kuogelea huongeza dhara la tatu.

Abti alipoonyeshwa bwawa la kuogelea kupitia uwazi wa ukuta, aliuliza ni wanyama gani wanaonyweshwa pale. Alipoambiwa kwamba ni la watu kuogelea, na kwamba bahari yenyewe i mwendo wa dakika mbili, hakusema kitu mpaka tulipofika mjini.

Sitaki msomaji adhani kwamba nawalaumu wageni wote. Wageni huleta fedha, na wenye mashua, wapishi, mafundi wa milango na wauza samaki hula kwa sababu yao. Wako wageni waliojenga kwa adabu, wakachimba matangi ya kukusanya mvua ya mapaa yao. Wala wenyeji si malaika, kwa maana wapo waliouza wenyewe mchanga ule. Jambo ninalosema ni kwamba raha ya kisiwa ina kipimo, na kipimo chake hakionekani ufuoni. Kimefichwa chini ya mchanga.

MJI ULIOISHA

Iwapo mtu hasadiki kwamba maji yaweza kuufunga mji, na apande mashua mpaka Takwa, katika kisiwa cha Manda. Lazima aende maji yakiwa yamejaa, maana njia hupita katika mkondo mwembamba wa mikoko, na maji yakitoka mashua hukaa juu ya matope. Huko ataona ukuta wa mji, msikiti mkubwa wenye nguzo juu ya kibla, na misingi ya nyumba nyingi za mawe chini ya mibuyu. Bwana James Kirkman alianza kuchimbua magofu hayo mwaka 1951. Mji huo ulistawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha watu wakauacha. Wengine hutaja vita na watu wa Pate, na masimulizi ya wenyeji yasema kwamba maji ya visima yaligeuka chumvi. Inasemekana kwamba watu wake walivuka wakakaa Shela, palipokuwa na maji matamu chini ya mchanga.

Nje ya ukuta liko kaburi lenye nguzo ndefu. Mara mbili kwa mwaka watu wa Shela huvuka mpaka hapo kuomba mvua. Abti alipoambiwa hayo alivua viatu, akainua mikono yake, akaomba kwa muda mrefu. Nilipomwuliza ameomba nini, alisema, "Nimewaombea wao mvua, nikaiombea na Kutulo. Mungu ni mmoja, na wingu hujua njia yake."

Tuliporudi mashuani, yule mzee alitueleza habari za jabia. Hayo ni matangi ya zamani yaliyomo katika vijiji vya visiwa vya jirani kama Pate, yenye sakafu pana ya chokaa ya kukusanyia mvua, na kijiji kizima huitunza. Abti akamweleza habari za birkad za kwetu, yaani matangi tuchimbayo ardhini kukusanya maji ya mvua. Wakagundua kwamba birika la Lamu na birkad yetu ni neno moja, limetoka katika Kiarabu, likapita njia mbili. Wazee hao wawili, mmoja wa ngamia na mmoja wa jahazi, walizungumza habari za chokaa, nyufa na zamu za kusafisha mpaka mashua ikagusa gati.

SHAURI KWA MSAFIRI

Kwa wale watakaopenda kufuata nyayo zetu, natoa mashauri machache.

Safari nzuri ni ya wakati wa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, bahari inapokuwa shwari. Miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, mawimbi huwa makubwa kwa vyombo vidogo. Masika huanza Aprili.

Vaa nguo za heshima mjini, hata kama umewaona wengine wakipita nusu uchi. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Saa za sala maduka mengi hufungwa, nawe subiri bila ya kunung'unika. Bei ya mashua patana kabla ya kuingia ndani yake, wala si baada ya kushuka.

Fika nyumbani mwa watu na uulize kwanza: maji yaja siku gani? Oga kwa ndoo moja. Nguo zako nyingi zingoje mpaka urudi kwenu. Ukipanda vilima vya Shela, usiache uchafu wala usijisaidie huko, kwa maana unajisaidia juu ya kisima. Na yule mwenye uwezo, atakayeambiwa kwamba kuna kiwanja kizuri kinauzwa juu ya vilima, na aulize kiwanja hicho kimetoka wapi, kisha aiache biashara hiyo.

Kwetu Kutulo na Elwak sheria ya kisima yajulikana na kila mtoto. Kila mwenye mifugo ana zamu yake, na anayeruka zamu huitwa mbele ya wazee. Lakini mpita njia mwenye kiu hupewa maji kwanza, bila ya malipo, hata akiwa mtu asiyejulikana. Na kwa kuwa amepewa bure, hujua kwamba anakunywa tu wala hanyweshi kundi lake. Sheria hiyo haikuandikwa popote, nayo imewalinda watu tangu zamani zile. Naona yafaa kuichukua safarini. Tukifunguliwa barabara ya kwenda Lamu, na twende kama wapita njia wanaoijua sheria ya kisima.

Tuliporudi Kutulo watu walimjia Abti jioni, wakaketi wakamwuliza bahari ikoje. Nilitazamia kwamba angeeleza mawimbi, mashua na ukubwa wake. Yeye aliwaeleza habari za mchanga. "Wamezungukwa na maji pande zote," alisema, "nao huishi kwa kisima kama sisi. Tofauti ni moja tu: sisi twakiona kisima chetu, na wageni wao hawakioni chao."

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema apate kiu.